SOMO LA TISA: Viambishi -li-, -ka-, -ki- na -me- katika Masimulizi ya Safari

Utangulizi

Katika somo lililotangulia tulivieleza viambishi vya njeo na hali kimoja kimoja. Katika somo hili tunavitazama vikifanya kazi pamoja, kwani katika masimulizi kila kimoja hutegemea vingine. Tumechagua safari ya masika kati ya Jinja na Mbale, kwa sababu katika njia hiyo swali la sarufi huweza kuwa swali la usalama: je, mto ulifurika au umefurika?

Kifungu

Soma kifungu kifuatacho kwa makini.

Tuliondoka Jinja alfajiri kwa gari lenye vitanda na jiko ndani yake, mithili ya kijumba chenye magurudumu. Ziwa Viktoria lilikuwa limefunikwa na ukungu. Tulipita Iganga, tukakata kushoto penye njia panda ya Nakalama, tukashika barabara ya Tirinyi. Mvua ilikuwa ikinyesha bila kukoma. Tukavuka daraja la Mto Mpologoma, huku tukitazama mashamba ya mpunga yaliyojaa maji. Mbele kidogo, mwendesha bodaboda aliyetoka upande wa Mbale akatusimamisha, akasema: "Ndugu zangu, Mto Namatala umefurika. Mkienda sasa, hamtavuka." Tukaegesha gari mahali palipoinuka, tukachemsha chai, tukalala humo humo garini mpaka maji yakapungua.

Uchambuzi

(a) Kiambishi -li- huweka msingi wa wakati, na -ka- huendeleza mfuatano juu ya msingi huo. Katika "tulipita, tukakata, tukashika", kitenzi cha kwanza peke yake ndicho kinachotaja wakati uliopita. Vinavyofuata huuazima kwake. Aidha, -ka- hufunga mpangilio wa matukio. Ukisema "tukachemsha chai, tukaegesha gari", umebadilisha kisa chenyewe.

(b) Kiambishi -ki- kina kazi mbili katika kifungu hiki. Katika "ilikuwa ikinyesha" na "tukitazama", kinaonyesha tendo linaloendelea sambamba na jingine. Katika "mkienda sasa", kinaonyesha sharti. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kujaribu neno "iwapo". "Iwapo mtaenda sasa, hamtavuka" ni sentensi sahihi. Lakini "iwapo" haliwezi kuingia katika "mvua ilikuwa ikinyesha" bila kuiharibu maana.

(c) Kiambishi -me- huonyesha tendo lililokamilika ambalo matokeo yake bado yapo. Mwendesha bodaboda aliposema "umefurika", aliwaarifu wasafiri kwamba maji yangali barabarani. Laiti angalisema "ulifurika", wangaliweza kudhani kwamba hatari imekwisha, wakaendelea na safari.

Linganisha na taarifa hii ya kweli: Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale, na watu zaidi ya 20 wakafariki dunia. Hapa -li- ndicho kiambishi kinachofaa, kwa kuwa tarehe imekwisha kulifunga tukio. Lakini mkazi wa kando ya mto, aliyetaka kumwamsha jirani yake usiku ule, alihitaji -me-: "Mto umefurika!" Tukio ni lile lile, kinachotofautiana ni mahali alipo msemaji kwa kulinganisha na matokeo yake.

Kwa Mwalimu

Wanafunzi wengi wa Uganda huja darasani na lugha zinazogawanya wakati uliopita kwa namna nyingine. Luganda, kwa mfano, hutofautisha wakati uliopita wa karibu na ule wa mbali. Kiswahili hutumia -li- kwa yote mawili: tukio la asubuhi ya leo na la miaka mia iliyopita. Kwa hiyo mwanafunzi huweza kuidhania -me- kuwa ni wakati uliopita wa karibu, akaandika "mvua imenyesha jana jioni" mahali pa "mvua ilinyesha jana jioni".

Tusimsahihishe kwa kumuuliza "lini?" peke yake, maana swali hilo humrudisha kwenye mgawanyo wa lugha yake ya kwanza. Tumuulize pia: "Na sasa hali ikoje?" Akiweza kujibu kwamba maji bado yapo, -me- itamjia bila kukaririshwa.

Mazoezi

1. Jaza viambishi vinavyofaa: Mvua i__nyesha usiku kucha, maji ya__funika daraja, nasi tu__rudi Iganga.

2. Eleza tofauti ya ujumbe kati ya "Barabara ilifungwa" na "Barabara imefungwa". Ni ipi ungemwambia dereva anayetaka kuondoka sasa hivi?

3. Bainisha kazi ya -ki- katika sentensi hizi: (i) Tulimwona mvuvi akivuta wavu. (ii) Akivuta wavu kwa nguvu, utakatika.

4. Andaa kipindi cha dakika 40 ambamo wanafunzi watatunga taarifa fupi ya redio kuhusu hali ya barabara wakati wa mvua. Onyesha utakavyowaongoza kuchagua kati ya -li- na -me-.