Somo la Mwezi Huu: Mnara wa Mboga Ndani ya Nyumba

Wakati wa baridi theluji hufunika bustani, na mchicha ni shida kuupata dukani. Hata katika nyumba ya kupanga, familia yako inaweza kuvuna majani mabichi kwa kutumia mnara wa mboga. Mimea hukua bila udongo. Pampu ndogo hupandisha maji yenye mbolea hadi juu, nayo hushuka yakilowesha mizizi na kurudi kwenye ndoo.

Kabla ya kununua chochote

Muulize mwenye nyumba, na jibu lake liwe la maandishi. Maji yakivuja na kuharibu sakafu, gharama inaweza kukatwa kwenye dhamana yako.

Kama mnapata SNAP hapa Marekani, kadi yenu inaweza kulipia mbegu na miche ya chakula. Hailipii pampu, taa wala mbolea.

Vifaa

- Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, isiyopitisha mwanga
- Bomba la PVC la inchi 4, urefu wa mita 1.5, na kifuniko chake
- Kona 8 ndogo za bomba, za digrii 45
- Pampu ya kuzama majini na mpira wake
- Taa ya LED ya mimea
- Taima mbili
- Mbolea ya maji ya kilimo bila udongo
- Vipande vya sponji na mbegu

Soma boksi la pampu: limeandikwa kimo cha mwisho ambacho maji hufika. Kwenye kimo hicho maji hayatoki tena. Kwa mnara huu chagua pampu ya mita 2.5 au zaidi.

Kujenga

1. Toboa matundu 8 upande mmoja wa bomba, katika mistari miwili inayopishana. Tundu la chini kabisa liwe juu ya mfuniko wa ndoo.
2. Gundisha kona, midomo ikitazama juu. Fanyia kazi hii nje au dirisha likiwa wazi. Acha gundi ikauke kabisa.
3. Kata mapengo chini ya bomba, upitishe mpira hadi juu. Toboa vitundu mwisho wa mpira ili maji yamwagike pande zote, kisha funika.
4. Toboa mfuniko wa ndoo, simamisha bomba ndani mpaka liguse sakafu ya ndoo. Weka pampu pembeni yake.
5. Weka ndoo kwenye trei, kwenye kona ya chumba, na ufunge mnara usianguke. Lita 15 za maji ni kilo 15. Mtoto akiuvuta, unaweza kumwangukia.

Kuweka taima

Pampu iwake dakika 15, izime dakika 45, usiku na mchana. Taa iwake saa 14 kwa siku, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Angalia: kwenye taima ya hapa hiyo ni 6 AM hadi 8 PM. Ukiandika 12 na 2 kwa hesabu ya nyumbani, mimea itakosa mwanga.

Taa ya wati 30 ikiwaka hivyo hutumia takriban uniti 12.6 za umeme kwa mwezi. Linganisha na bili yako.

Kupanda na kutunza

Otesha mbegu kwenye sponji yenye unyevu. Miche ikiwa na majani matatu au manne na mizizi imetokeza, ihamishie kwenye kona. Mchicha (lengalenga), saladi na sukuma wiki hufaa. Sombe haifai, kwa sababu muhogo huwa mti.

Pima mbolea kama chupa inavyoelekeza. Ikizidi huunguza mizizi. pH ya maji iwe kati ya 5.5 na 6.5. Badilisha maji yote kila wiki mbili. Chuma majani ya nje, uache ya katikati yaendelee kukua.

Usalama

Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji lisifuate waya. Chomoa umeme kabla ya kutia mkono ndani ya ndoo. Mbolea ikae mbali na watoto, kamwe isiwe kwenye chupa ya kinywaji.

Sikiliza pampu kila asubuhi. Ikinyamaza siku nzima, mizizi hukauka na mboga zote hufa. Umeme ukikatika, mwagia maji kwa kikombe kutoka juu mpaka urudi.