Kwa Nini Vali Husikia Mguso

Vaa hedifoni, washa amplifaya ya vali uliyoiunda mwenyewe, kisha gonga kasha lake kwa kidole. Ukisikia "tiiing" inayochelewa kufifia, sauti hiyo imezaliwa ndani ya vali, ambayo imegeuka kuwa maikrofoni.

Tuanze na vali yenyewe. Ndani ya chupa isiyo na hewa, kathodi hupashwa moto hadi elektroni zikachomoka na kukimbilia anodi yenye volti nyingi. Njiani kuna gridi, waya mwembamba uliozungushwa karibu kabisa na kathodi. Muziki hupandisha na kushusha volti ya gridi, nayo gridi hubana au kulegeza mkondo wa elektroni. Lakini uwezo huo wa kubana hutegemea pia umbali kati ya gridi na kathodi. Gridi ikiyumba, umbali hubadilika na mkondo hubadilika nao. Saketi haiwezi kutofautisha badiliko la wimbo na la meza iliyoguswa.

Ndiyo maana vali ya kwanza ndiyo ya kuchungwa zaidi: chochote kinachoanzia hapo hukuzwa. Tuseme mtetemo umezaa mikrovolti 50 kwenye gridi yake, na amplifaya inakuza mara 20. Hedifoni zitapata milivolti 1. Kwa hedifoni za ohm 32 zinazotoa desibeli 100 kwa miliwati 1, hiyo ni takriban desibeli 55, karibu na mazungumzo ya sauti ya chini.

Tafuta chanzo ukiwa umefunga kasha, maana ndani mna volti za kuua. Gusa kioo cha kila vali kilichochomoza nje ya kasha kwa kijiti kikavu cha mbao. Ile inayolia kupita nyingine, ibadilishe kwa nyingine ya aina hiyohiyo. Vipande vya maika vinavyoshikilia gridi huweza kulegea, na hakuna mpira wa nje utakaovikaza.

Hatua inayofuata ni kuizuia mitetemo isifike kwenye vali. Kuona jinsi inavyozuiwa, funga kufuli kwenye utepe wa mpira, ulining'inize. Pandisha na kushusha mkono polepole: kufuli linaufuata. Karibia mwendo ambao mpira na kufuli hucheza nao vyenyewe: kufuli linaruka zaidi kuliko mkono. Harakisha zaidi: mkono unatikisika, kufuli linakaribia kutulia. Soketi ya vali ikifungwa kwenye kibati kizito kilichoshikiliwa na raba laini, hupata utulivu huohuo. Springi inayobonyea milimita 4 kwa uzito wa mzigo wake huwa na masafa ya asili ya Hz 8 hivi, na huanza kukinga kuanzia Hz 11. Kwa hiyo mngurumo wa transfoma, ambao kwa umeme wa Hz 50 hutetema kwa Hz 100, hupunguzwa sana. Raba ngumu isiyobonyea haikingi kitu.

Waya za kwenda kwenye soketi ziwe laini na zilegee, kwani waya mgumu hupitisha mtetemo pembeni mwa raba. Kibati kiunganishwe na ethi kwa waya wake, kwa sababu raba haipitishi umeme. Pete ya silikoni inayostahimili joto, ikivishwa kwenye kioo, hufupisha mlio kwa kuugeuza mtetemo kuwa joto.

Fuata mpangilio huo: vali nzima kwanza, kibati chenye raba pili, pete mwisho. Baada ya kila hatua gonga tena kwa nguvu ileile, ujue ni ipi iliyosaidia.