SOMO LA AFYA KAZINI: TUZO NI YA KAZI, SI YA KARATASI



Wajumbe wa matawi, wa viwandani na wa mashambani, hutuletea swali hili: "Wakubwa wa kampuni wametangaza kwamba wataingia katika mashindano ya tuzo ya afya. Wanataka na sisi tutie sahihi kwenye fomu. Tutie sahihi au tukatae?"

Jibu letu ni fupi. Tusikatae, wala tusitie sahihi upesi. Tuingie, lakini tuingie na daftari letu wenyewe mkononi. Somo hili linaeleza kwa nini, na jinsi ya kufanya. Lisomwe kwenye mkutano wa tawi, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

1. Tuzo hizi ni nini?

Ziko tuzo za namna nyingi zinazotolewa kwa kazi ya kulinda afya ya watu. Nyingine hutolewa na serikali, nyingine na vyama vya waganga, nyingine na mashirika ya kimataifa. Tuchukue moja iwe mfano: Tuzo ya Afya ya Sasakawa, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani. Ilianzishwa mwaka 1984. Miaka sita kabla yake, mwezi wa Septemba 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata na kukubaliana kwamba afya isingojewe katika hospitali kubwa za mjini tu, bali ianzie pale watu wanapoishi na kufanya kazi, na wenyewe washiriki kuipanga. Tuzo hii iliwekwa kwa ajili ya watu na vyama vilivyofanya kazi mpya na ya maana katika njia hiyo.

Tuangalie jinsi mlango wake ulivyo. Mtu hajipeleki mwenyewe. Jina hupelekwa na wizara ya afya ya nchi, au na aliyepata tuzo hiyo zamani. Halmashauri Kuu ya Shirika ndiyo inayoamua, na tuzo hutolewa Geneva mbele ya Mkutano Mkuu wa Afya Duniani. Kwa hiyo tawi linalotaka jina lake lifike huko lazima lipitie chama cha taifa, na chama kigonge mlango wa wizara. Tuzo nyingine zina milango mingine, na nyingi humtaka mwajiri ajaze fomu. Basi swali la kwanza la kuuliza kila mara ni hili: nani ana haki ya kupeleka jina, na nani ataulizwa kama maneno yaliyoandikwa ni kweli?

2. Walioandika wenyewe: habari ya Poland

Mwaka 1994, gazeti la Gazeta Wyborcza la Poland liliwaomba wanawake waeleze jinsi walivyotendewa hospitalini walipokwenda kujifungua. Majibu yalikuja kwa maelfu. Wanawake walieleza jinsi walivyokaripiwa, jinsi waume zao walivyozuiwa mlangoni, jinsi watoto walivyochukuliwa mbali nao. Majibu hayo hayakutupwa kapuni. Yalipangwa, yakahesabiwa, na hospitali zikatajwa kwenye kitabu cha mwongozo, ili kila mwanamke ajue ipi inamheshimu mzazi na ipi haimheshimu. Hospitali zikaanza kubadilika. Mwaka 1996 kazi hiyo ikaundiwa chama chake. Mwaka 2015 chama hicho kikapewa Tuzo ya Sasakawa.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, kazi ilitangulia, tuzo ikafuata baada ya miaka ishirini na zaidi. Pili, ushahidi wenye nguvu ulitoka kwa wale wale waliopata taabu. Hawakungoja mtaalamu aje kuwasemea. Tatu, walichoandika kilikuwa pamoja na mabaya. Kama wangeandika sifa tu, hakuna hospitali ambayo ingebadilika.

3. Karatasi inayoficha: habari ya Karachi

Sasa tutazame upande wa pili. Katika mji wa Karachi, nchini Pakistan, kilikuwako kiwanda cha nguo kiitwacho Ali Enterprises. Mwezi wa Agosti 2012 kilipewa cheti cha kimataifa kiitwacho SA8000, ambacho maana yake ni kwamba wafanyakazi wanatendewa haki na mahali pao pa kazi ni salama. Hazikupita wiki nyingi. Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda kiliungua, na wafanyakazi zaidi ya 250 wakafa. Mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba moto huo uliwashwa na watu kwa makusudi. Lakini waliookoka walieleza kwamba milango ya kutokea ilikuwa imefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Kuwashwa kwa moto ni jambo moja, na milango iliyofungwa ni jambo jingine. Cheti kilikuwapo, njia ya kutokea haikuwapo.

Cheti si tuzo, lakini ugonjwa wao ni mmoja. Mkaguzi akija kwa siku moja, akaonyeshwa ofisi, akapewa chai na daftari lililoandikwa vizuri, ataona karatasi. Mfanyakazi anayeingia kila siku ndiye anayejua mlango upi una kufuli. Wahenga walisema: mficha maradhi kilio humfichua.

4. Hesabu inayoanza kwa mazungumzo

Wengine watasema, "Sisi hatukusoma, tutaandikaje habari za afya?" Tuwajibu kwa habari ya Lathrop, jimbo la California, Marekani. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda cha dawa za kilimo walikuwa wakizungumza wao kwa wao. Wakagundua kwamba katika sehemu moja ya kiwanda wanaume walikuwa hawapati watoto. Hayo hayakuwa maneno ya mganga, yalikuwa maneno ya wenzao wa kazi. Chama chao kikasaidia wapimwe. Ikaonekana kwamba wengi wameharibiwa uzazi na dawa iitwayo DBCP, iliyotumiwa kuua minyoo inayokula mizizi ya mimea, pamoja na migomba katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati. Majaribio ya wanyama yaliyotangazwa mwaka 1961 yalikwisha kuonyesha hatari hiyo, lakini hakuna aliyewaambia wafanyakazi. Mwaka 1979 serikali ya Marekani ikasimamisha karibu matumizi yote ya dawa hiyo.

Basi msidharau swali la kawaida, "Na wewe unasikia hivyo hivyo?" Hapo ndipo uchunguzi huanzia.

5. Daftari la tawi

Tawi linalotaka kuingia katika tuzo, au linaloombwa na kampuni kuunga mkono, lifungue daftari lake kabla ya kitu kingine. Mchague wawili wa kulitunza, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, maana yako mambo ambayo mwanamke hatamwambia mwanamume. Kila jambo liandikwe kwa vichwa vitano:

(a) Tarehe na mahali: kitalu gani, mashine gani, zamu gani.
(b) Kazi iliyokuwa ikifanywa.
(c) Kilichotokea: jeraha, kizunguzungu, kuhara, kukohoa, macho kuwasha.
(d) Mtu ni wa kudumu, wa msimu, au kibarua wa siku.
(e) Hatua iliyochukuliwa, na nani aliyeichukua.

Majina ya wagonjwa yawe kwenye karatasi ya peke yake inayofungiwa. Yasiingie katika fomu ya tuzo hata kidogo. Hatuna haki ya kuutangaza ugonjwa wa mwenzetu ili wengine wapigiwe makofi. Na picha ya mtu isitumiwe mpaka amekubali mwenyewe.

6. Kuzisoma hesabu

Watoa tuzo hupenda kuona hali ilivyokuwa kabla na baada ya kazi kufanywa. Ni haki yao. Lakini hesabu inaweza kusema kweli, na inaweza kudanganya. Tutazame mifano miwili, ambayo tumeitunga kwa ajili ya somo.

Mfano wa kwanza. Shamba la chai lina wafanyakazi 200. Kwa miezi mitatu, 40 wanaugua kuhara. Wanachimba vyoo vipya na kuweka mapipa ya maji yaliyochemshwa vitaluni. Mwaka unaofuata wafanyakazi ni 300, na katika miezi ile ile wanaugua 45. Mtu atasema, "Wagonjwa wameongezeka, kazi yenu bure." Si kweli. Zamani waliugua 20 katika kila 100, sasa wanaugua 15 katika kila 100. Kazi imeleta faida, na hivyo ndivyo iandikwe.

Mfano wa pili. Kiwanda kina wafanyakazi 400 wa kudumu, na mwaka mmoja wanaumia 20. Mwaka unaofuata, 200 kati yao wanaachishwa na kurudishwa kama vibarua chini ya wakala, na ajali zao haziandikwi tena. Daftari la kampuni linaonyesha ajali 10. Fomu itasema, "Ajali zimepungua kwa nusu." Lakini 20 katika 400 ni 5 kwa kila 100, na 10 katika 200 ni 5 kwa kila 100 vile vile. Hatari ni ile ile, na vibarua wameumia bila kuhesabiwa. Fomu ya namna hii tusiitie sahihi.

Jihadharini pia na ule ubao unaohesabu "siku bila ajali", hasa ukifungamanishwa na zawadi ya sukari au sabuni kwa watu wote. Aliyekatwa kidole ataona haya kuwanyima wenzake sukari. Atafunga kitambaa na kunyamaza. Kidonda kitaoza, na ubao utaendelea kusifiwa.

7. Masharti kabla ya kutia sahihi

Kampuni ikituletea fomu, kamati ya tawi iseme haya kwa adabu na kwa maandishi:

Kwanza, tusomewe fomu yote kwa lugha tunayoielewa, si ukurasa wa sahihi peke yake.

Pili, hesabu za kampuni zilinganishwe na daftari letu na daftari la zahanati. Zikitofautiana, itafutwe sababu. Vibarua na wa msimu wahesabiwe.

Tatu, fomu itaje na yale ambayo bado hayajafanywa. Kazi ya kweli haiogopi kusema, "Vyoo vimekwisha, lakini wanyunyizaji dawa bado hawana mahali pa kuogea."

Nne, wakaguzi wakija wazungumze na wafanyakazi bila nyapara kusimama karibu.

Tano, ijulikane mapema tuzo ikipatikana fedha zake zitafanya nini, na nani atakwenda kuipokea. Aliyechimba choo naye apande jukwaani.

Sheria inatusaidia katika mengi ya haya. Sheria ya usalama kazini ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka kamati za usalama. Ile ya Kenya ya mwaka 2007 inataka kamati kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, nao wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Basi kamati hiyo ndiyo ikae na fomu, si karani mmoja ofisini.

8. Tukikosa tuzo?

Wengi huingia, wachache hupata. Tukikosa, mapipa ya maji yanabaki vitaluni, vyoo vinabaki, na daftari linabaki. Daftari hilo hilo tutalibeba tukienda kwenye mazungumzo ya mkataba, na tukienda kwa mkaguzi wa serikali. Fomu itakuwa imetufundisha kusema kwa tarehe na hesabu yale tuliyokuwa tukiyanung'unikia.

Na tukipata, tusisahau jambo moja. Mwezi wa Juni 2022, Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani uliweka mahali pa kazi palipo salama na penye afya kati ya haki za msingi za mfanyakazi, pamoja na haki ya kuunda chama. Maji safi kitaluni na glavu za mnyunyizaji si hisani ya bwana shamba ambayo tunapaswa kuishangilia. Ni haki. Tuzo ni ya kumsifu aliyefanya zaidi ya wajibu wake, si ya kumlipa aliyetimiza deni.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tufanye kazi iwe njema kwanza, kisha fomu itakuwa rahisi kujaza.

Maswali ya kuzungumza katika tawi

1. Mahali petu pa kazi, ajali zinaandikwa na nani? Vibarua wanaandikwa?
2. Ni ugonjwa gani tunaousikia sana katika zamu au laini yetu, na kazi gani huwapata zaidi?
3. Mkaguzi akija kesho, tungependa aone mahali gani ambapo hajapata kuonyeshwa?
4. Nani wawili watakaotunza daftari la tawi, nao wataanza lini?