ELIMU KWA MKULIMA: Nusu Kilo Inayosema kwa Niaba ya Ekari Nzima

Mkulima anayepeleka udongo kupimwa huwa amebeba takriban nusu kilo katika mfuko. Ekari moja ya shamba, ikihesabiwa kutoka juu hadi kina cha sentimita 20, ina karibu tani 1,000 za udongo. Kwa hivyo kila gramu inayofika maabara huwakilisha tani 2 hivi zilizobaki shambani. Majibu yanayorudi ni makadirio, na usahihi wake hutegemea sana jinsi udongo huo ulivyochukuliwa.

Suala hili linagusa mfuko wa mkulima moja kwa moja. Mbolea na chokaa hununuliwa kwa kufuata makadirio hayo. Yakikosewa, mkulima hulipia kirutubisho ambacho shamba halikihitaji, na kile kinachopungua hubaki kikipungua. Makala haya yanaeleza njia tatu za kukadiria hali ya udongo, yaani ramani, maabara na mkono, na jinsi zinavyosaidiana.

Ramani hutengenezwaje?

Kukadiria kwa kusoma dalili si jambo geni. Mkulima wa magharibi mwa Kenya akiona striga, ambayo wengi huiita kayongo, imejaa kwenye mahindi, hushuku kwamba rutuba ya shamba hilo imepungua kabla ya kupima chochote. Ameona dalili, akakumbuka mashamba mengine yenye dalili hiyo, kisha akakisia hali ya chini.

Ramani za kisasa za udongo hufuata njia hiyo hiyo. Wataalamu huchukua sampuli katika maeneo mengi na kuzipima. Kisha kompyuta hulinganisha vipimo hivyo na mambo yanayoonekana kote: picha za setilaiti, mwinuko wa ardhi, mvua, joto na mimea. Baada ya kujifunza uhusiano uliopo, programu hukadiria hali ya udongo hata mahali ambapo hapakuchimbwa.

Hatua iliyopigwa ni kubwa. Ramani ya udongo ya Kenya iliyotolewa mwaka wa 1982 ilichorwa kwa kipimo cha 1:1,000,000, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita 10 ardhini. Ilifaa kupanga mambo ya nchi, lakini ekari moja haingeweza kuonekana humo. Ramani ya iSDAsoil, iliyotolewa mwaka wa 2020 kwa bara la Afrika, inagawa ardhi katika vipande vya mita 30 kwa mita 30 na kutoa makadirio ya kina cha sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 50. Ekari moja hubeba vipande vinne hadi vitano vya aina hiyo.

Ramani haioni nini?

Ramani huonyesha vizuri tofauti zinazoletwa na miamba, mvua na miteremko. Tofauti zinazoletwa na mkono wa mtu ni vigumu kuziona. Katika mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya, sehemu iliyo karibu na nyumba hupata majivu, mabaki ya jikoni na samadi mwaka baada ya mwaka. Sehemu ya mbali hulimwa na kuvunwa bila kurudishiwa kitu. Sehemu hizo mbili zinaweza kuwa katika kipande kimoja cha ramani, ingawa rutuba yake ni tofauti kabisa.

Vilevile, sifa zote hazikadiriki kwa urahisi sawa. Kiasi cha mfinyanzi na cha mboji hukadirika vizuri zaidi. Fosforasi ambayo mmea unaweza kuitumia ni ngumu zaidi, kwa sababu hubadilika sana kutokana na mbolea zilizotumika. Ramani basi humsaidia mkulima na afisa wa kilimo kujua tatizo linaloelekea kuwapo eneo hilo. Haitoshi kuamua idadi ya magunia ya kununua.

Wastani unaopotosha

Chukua mfano wa mkulima aliyechimba sehemu kumi. Sehemu tisa zina fosforasi ya miligramu 10 kwa kila kilo ya udongo. Ya kumi ilichimbwa palipokuwa na boma la ng'ombe, nayo ina miligramu 110. Udongo wote ukichanganywa, maabara itasoma miligramu 20, maradufu ya hali halisi ya karibu shamba lote. Maabara haijakosea. Tundu moja limepotosha mengine tisa, na mkulima atashauriwa kutumia fosforasi kidogo kuliko inayohitajika.

Ili kuepuka hali hiyo, mkulima anashauriwa kufuata hatua hizi:

1. Gawa shamba kulingana na tofauti zinazoonekana: rangi ya udongo, mteremko, umbali kutoka nyumbani na historia ya mazao. Kila sehemu iwe na sampuli yake.
2. Epuka boma la zamani, vichuguu, njia, mipaka, chini ya miti, palipochomwa takataka na palipowekwa samadi.
3. Tembea kwa kupinda kushoto na kulia, ukichimba sehemu 15 hadi 20. Ondoa majani ya juu, kisha kata kipande chenye unene sawa kutoka juu hadi sentimita 20.
4. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki. Usitumie gunia lililokuwa na mbolea, wala ndoo ya mabati, kwa sababu inaweza kuongeza zinki kwenye sampuli.
5. Vunja mabonge, tandaza, gawa mafungu manne na uondoe mawili yanayotazamana. Rudia hadi ibaki nusu kilo.
6. Anika kivulini, kisha andika jina, wadi, sehemu ya shamba, kina, tarehe na zao litakalopandwa.

Kusoma majibu

Jambo la kwanza la kuangalia ni pH, inayoonyesha uchachu wa udongo. Kipimo hiki hupanda kwa mara kumi: udongo wa pH 5 una uchachu mara kumi zaidi ya ule wa pH 6. Ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudhuru mizizi, na fosforasi hushikwa na udongo hivi kwamba mahindi hayaipati vizuri. Mkulima anayeongeza DAP kila msimu katika udongo huo anaweza kuona mazao yakidumaa, huku mbolea yenyewe ikichangia uchachu kadiri miaka inavyopita. Hapo chokaa ya kilimo hutangulia, nayo huchanganywa na udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda.

Hata hivyo, pH peke yake haisemi chokaa kiasi gani. Mashamba mawili yenye pH 5 yanaweza kuhitaji viwango tofauti, kwa sababu udongo wa mfinyanzi au wenye mboji nyingi huhitaji chokaa zaidi ya ule wa kichanga kuinua pH kwa kiasi kile kile.

Hapa mkono wa mkulima husaidia. Lowesha udongo kidogo hadi ushikane, kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi ni kidogo. Ukifika kati ya sentimita 2.5 na 5, mfinyanzi ni wa wastani. Ukizidi 5, mfinyanzi ni mwingi. Matokeo haya mpelekee afisa wa kilimo pamoja na majibu ya maabara.

Wakati wa kupima

Sampuli zichukuliwe miezi miwili au zaidi kabla ya mvua ndefu, ili majibu yarudi na chokaa ipate muda wa kufanya kazi. Zisichukuliwe punde baada ya kuweka mbolea. Upimaji urudiwe kila baada ya miaka miwili hadi mitatu, msimu ule ule na kina kile kile, ili majibu yaweze kulinganishwa.

Huduma za upimaji zinapatikana katika maabara za KALRO zilizoko Kabete na katika maabara nyingine. Kabla ya kuchimba, mkulima anashauriwa kufika katika ofisi ya kilimo ya wadi yake ili aelekezwe jinsi ya kugawa shamba na mahali pa kupeleka sampuli.