Fumbo la Maneno la Gazetini: Namna ya Kulifumbua, Kulieleza na Kulitumia Kliniki

Katika vyumba vya kungojea daktari, gazeti la siku hupita mikono mingi kabla ya adhuhuri. Ukurasa wa michezo huchakaa kwanza. Ukurasa wa fumbo la maneno hurudi ukiwa umejazwa nusu, kwa kalamu za rangi mbili au tatu. Kando ya meza hiyo hiyo husikika swali ambalo wauguzi wa kliniki za wazee na za wagonjwa wa kiharusi wamelizoea: je, baba akijaza fumbo hili kila siku, kumbukumbu yake itarejea? Swali hilo lina jibu, ingawa si lile ambalo muulizaji hulitamani. Nalo halieleweki vyema mpaka ijulikane kwanza ubongo hufanya kazi gani pale kalamu inaposimama juu ya kisanduku kitupu.

Fumbo la namna hii si la kale. Lile linalohesabiwa kuwa la kwanza lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti la New York World, likachapishwa tarehe 21 Desemba 1913. Lilikuwa na umbo la almasi. Jina alilolipa lilikuwa la maneno mawili, na baada ya majuma machache wapangaji wa chapa waliyapindua kwa makosa. Kosa hilo ndilo lililobaki kuwa jina la mchezo kwa Kiingereza hadi leo. Mwaka 1924 gazeti la The New York Times liliushutumu mchezo huo kuwa ni upotezaji wa wakati. Februari 1942, Marekani ikiwa imekwisha kuingia vitani, gazeti hilo hilo likaanza kuchapisha la kwake. Desturi yake moja yafaa kukumbukwa na kila mhudumu wa afya: fumbo la Jumatatu ndilo jepesi kuliko yote, na ugumu huongezeka siku hadi siku mpaka Jumamosi. La Jumapili ni pana zaidi, lakini si gumu kuliko la Jumamosi.

Kwa Kiswahili, ambako wengi huliita chemshabongo, fumbo lina tabia zake. Kila herufi huchukua kisanduku chake, kwa hiyo «ch», «sh» na «ny» hula visanduku viwili, na ng'ombe huhitaji visanduku sita kwa kuwa ritifaa haina nafasi yake. Maneno karibu yote huishia kwa irabu. Kisanduku cha mwisho basi hakina uwezekano zaidi ya tano, isipokuwa kwa maneno machache ya mkopo. Ngeli nazo husema mengi kabla jibu halijajulikana. Kidokezo kinachoanza na «wanao-» huashiria jibu lenye «wa-» mwanzoni. Kinachotaja tendo kwa ujumla huashiria «ku-». Mfumbuaji mzoefu huziandika herufi hizo kwa penseli kabla hajalijua neno lenyewe.

Mfano mdogo utaonyesha mengine. Kidokezo cha mlalo ni hiki: «Kiungo cha ndani ya mwili (4)». Muuguzi yeyote ataona mara moja kwamba majibu ni zaidi ya moja. Moyo unaingia, figo inaingia, pafu nalo linaingia. Anayeandika MOYO kwa wino kwa sababu ndilo neno lililomjia kwanza hajakosa maarifa, amekosa subira. Kisanduku cha tatu cha jibu hilo ndicho cha kwanza cha neno la wima, ambalo kidokezo chake ni «Sehemu ya elfu ya kilo (5)». Hilo ni GRAMU, wala hakuna jingine. Herufi G basi inawafukuza moyo na pafu pamoja, na FIGO inabaki peke yake. Kidokezo cha kwanza kilitoa orodha, na makutano ndiyo yaliyochagua.

Anayefanya kazi katika zahanati atatambua hapa jambo la kila siku. Homa, kuumwa kichwa na uchovu wa viungo vinaingia vizuri katika neno malaria, na visanduku vinatosha. Kipimo cha haraka kinapotoa majibu hasi, hiyo ni herufi ya makutano inayokataa. Hatari ni kwa tabibu aliyekwisha kuandika kwa wino: ataanza kulaumu kipimo, kisha atarudia dawa, na huku homa ya uti wa mgongo au nimonia inaendelea na safari yake.

Katika kufumbua, kuna wagonjwa ambao hawawezi kabisa kufuta. Wakishaandika MOYO, hata wakionyeshwa GRAMU mara tatu, hurudia MOYO. Ukakamavu wa fikra wa namna hiyo, hasa kwa mtu ambaye hakuwa hivyo zamani, huweza kuhusiana na madhara katika sehemu ya mbele ya ubongo, na ni jambo la kuandikwa katika jalada lake.

Watunzi wa Uingereza walikuza aina nyingine, ambamo kidokezo huwa na pande mbili: upande mmoja hutoa maana, upande mwingine hulichezea neno lenyewe. Kiswahili chaweza kuibeba aina hii bila taabu, kwa sababu waliolelewa kwa vitendawili wamekwisha kuzoea kutegwa. «Mnyama wa porini juu ya nyumba (3)»: jibu ni PAA, yule mnyama mwenye mbio na lile la makuti au bati. «Mali ikivurugwa, shika jembe (4)»: neno «ikivurugwa» laagiza herufi za «mali» zipangwe upya, na LIMA ndiyo kazi ya aliyeshika jembe. Katika aina hii jibu lisiloelezwa halihesabiki. Hata katika vitendawili, aliyeshindwa huombwa mji, na mtegaji akishaupata hawezi kutaja jibu tu akanyamaza. Wasikilizaji hudai waone jinsi lilivyoingia.

Kwa sababu hiyo kueleza ni muhimu zaidi ya kujaza. Mgonjwa anayeandika PAA huenda amebahatisha kwa herufi mbili zilizokwisha kuwapo. Anayesema kwa nini ni paa ameshika maana mbili kwa pamoja, amezilinganisha, na ameunda sentensi kuzieleza. Mhudumu aliye na dakika tano tu afadhali amwombe mgonjwa aeleze jibu moja kuliko kumhesabia majibu ishirini.

Kila mtu amepata kuwa na neno liko mdomoni lakini halitoki. Mwaka 1966 Roger Brown na David McNeill walilichunguza jambo hilo kwa kuwasomea watu maelezo ya maneno adimu. Waliposhindwa kulitaja neno, mara nyingi waliweza kutaja herufi yake ya kwanza au idadi ya silabi zake. Maana yake ni kwamba maana ya neno na sauti yake hazifunguliwi kwa ufunguo mmoja. Fumbo la gazetini hutoa funguo zote mbili: kidokezo huipa akili maana, na herufi za makutano huipa sauti. Wataalamu wa matamshi na lugha hufanya vivyo hivyo kwa mgonjwa wa afasia, yaani aliyepotewa na maneno kwa sababu ya kiharusi. Humwonyesha picha, akishindwa humweleza matumizi ya kitu, akishindwa tena humpa sauti ya kwanza. Ndugu wa mgonjwa wanaweza kujifunza utaratibu huo, mradi wasiugeuze kuwa mtihani mbele ya wageni. Aliyepoteza maneno hakupoteza akili, na aibu humfunga mdomo zaidi.

Mpenzi wa mafumbo anayejulikana zaidi katika historia ya elimu ya ubongo ni Henry Molaison, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1926, ambaye kwa miaka mingi vitabu vilimtaja kwa herufi H.M. tu. Mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji kwa ajili ya kifafa kikali, akaondolewa sehemu za ndani za pande mbili za ubongo, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi matukio mapya. Aliyeonana naye asubuhi alikuwa mgeni mchana. Lakini aliendelea kufumbua mafumbo ya maneno, na aliamini kwamba yanamsaidia kumbukumbu. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya mafumbo waliyomtungia mahususi. Vidokezo na majibu ya kabla ya 1953 aliyaweza vizuri, na ya baada ya hapo yalimshinda. Kisha waliuliza jambo jipya ambalo jibu lake ni la zamani: ugonjwa wa watoto uliodhibitiwa kwa chanjo ya Salk. Chanjo hiyo ilitangazwa mwaka 1955, baada ya upasuaji wake, ilhali polio aliijua tangu ujana. Kwa mafumbo ya aina hii alipata nafuu siku baada ya siku. Kipya kilishika pale palipokuwa na cha zamani cha kukiegemeza. Mhudumu anayemfundisha mzee ratiba mpya ya dawa ana somo hapa: kidonge cha asubuhi kikifungwa na chai ambayo ameinywa maisha yake yote, kina nafasi kubwa ya kukumbukwa kuliko kikifungwa na saa mbili kamili.

Sasa lile swali la mlangoni. Mwaka 2011 watafiti wa uchunguzi wa wazee wa Bronx, New York, walitoa matokeo ya watu 488 ambao mwanzoni hawakuwa na dimensia. Baadaye 101 waliipata. Miongoni mwao, waliokuwa wakijaza mafumbo walianza kuporomoka kwa kumbukumbu kwa kuchelewa kwa takriban miaka miwili na nusu. Mwaka 2018 utafiti wa Aberdeen, wa watu 498 waliozaliwa mwaka 1936, ulileta picha tofauti: waliopenda shughuli za kufikiri walikuwa na uwezo wa juu zaidi, lakini kasi yao ya kushuka haikupungua. Waliopanda mlima mrefu huchelewa kufika bondeni, ingawa wanateremka kwa mwendo ule ule wa wengine. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya jaribio la watu 107 wenye upungufu mdogo wa utambuzi, waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya mafumbo ya maneno na michezo ya kompyuta kwa wiki 78. Waliopewa mafumbo, yenye ugumu wa kadiri kama wa Alhamisi ya The New York Times, walifanya vizuri zaidi kwa kiasi kidogo. Hata hivyo hapakuwa na kundi lisilofanya lolote, kwa hiyo jaribio linaonyesha kwamba fumbo lilishinda mchezo wa kompyuta. Haliwezi kuonyesha zaidi ya hapo.

Jibu kwa familia basi ni hili: fumbo halirudishi kumbukumbu iliyopotea, huenda linasaidia kiasi, na halina madhara ila pale linapochukua nafasi ya tiba. Mzee anayejaza fumbo kila siku na kuacha dawa za shinikizo la damu amefanya biashara ya hasara. Tume ya jarida la The Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia na yanayoweza kurekebishwa, yakiwamo shinikizo la juu la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, upweke, na upungufu wa kusikia na wa kuona usiotibiwa. Miwani inayofaa yaweza kuwa na manufaa kuliko fumbo lenyewe. Na mara nyingine anayedhaniwa kusahau maneno hajayaona.

Kwa upande mwingine, magazeti ya zamani yasitupwe haraka. Yana tarehe, na mwandiko wa mgonjwa umo ndani. Mstaafu aliyekuwa akimaliza fumbo kabla ya chai ya saa nne, ambaye kwa miezi sita sasa anaacha nusu, ameleta ushahidi ambao hakuna kipimo cha siku moja kingeutoa. Herufi zinazozidi kuwa ndogo, pamoja na mkono unaotetemeka, zastahili kuchunguzwa kwa ajili ya ugonjwa wa Parkinson. Upande wa kushoto wa miraba unaobaki mtupu, ilhali wa kulia umejaa, huweza kutokana na kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo. Badiliko la ghafla, la saa au siku chache, halingoji tarehe ya kliniki: mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, kwa maana laweza kuwa kiharusi au maambukizi yaliyouvuruga ubongo.

Wala fumbo lisitumiwe kumpima asiyewahi kulipenda. Aliyesoma madarasa machache, au ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, atashindwa bila kuwa na ugonjwa wowote. Huyo ana bao, ana vitendawili, ana ngoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wa wazee waliozidi miaka 75, ulihusisha kusoma, michezo ya ubaoni, kupiga ala na kucheza dansi na hatari ndogo ya dimensia. Bao la kete halikuwamo, lakini anayeshuhudia wachezaji wake wakihesabu mitaji hatakuwa na shaka kwamba vichwa vyao viko kazini.

Kwa anayeanza nyumbani, mwenzi mmoja atosha: mmoja asome vidokezo kwa sauti, mwingine ajaze kwa penseli, na kila jibu lielezwe kabla ya kuandikwa. Waanze na fumbo jepesi, nusu saa isizidi, na wasimame kabla ya hasira. Kidokezo cha kuanzia: «Anatoa maziwa, anakuna nazi (5)». Jibu ni MBUZI, yule wa zizini na yule wa jikoni anayekaliwa. Anayejibu ng'ombe amesoma nusu ya kwanza tu, na visanduku havimtoshi.