"Dawa ya Kichwa": Jina Lisilotofautisha Kutuliza na Kuponya

Utangulizi

Makala haya yanachunguza jina "dawa ya kichwa" kwa kulihusisha na maumivu yasababishwayo na dawa yenyewe. Hoja kuu ni kwamba jina hili halitofautishi kutuliza na kuponya, tofauti ambayo mgonjwa hana budi kuielewa.

Jina

A-unganifu hubeba uhusiano wa aina nyingi. Dawa ya minyoo huangamiza minyoo. Dawa ya mbu huua au hufukuza mbu. Dawa ya viatu hung'arisha viatu. Je, dawa ya kichwa? Msikilizaji huachiwa akisie, na ni rahisi kukisia kuwa huponya. Vitenzi ndivyo vinavyobainisha. Kuponya ni kumfanya mtu apone. Kutuliza ni kufanya kitu kitulie, na kilichotulia huweza kuamka.

Ugonjwa

Mwenye kipandauso au maumivu mengine ya kichwa akizoea kumeza vituliza maumivu, huenda akaumwa mara nyingi zaidi. Kwa mujibu wa uainishaji wa kimataifa wa mwaka 2018, hali hii hutambuliwa iwapo mtu huumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, naye ametumia dawa kupita kiasi kwa zaidi ya miezi 3. Kupita kiasi ni kumeza parasetamoli, aspirini au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi. Kwa tembe zinazochanganya aspirini, parasetamoli na kafeni, ni siku 10 au zaidi. Kinachohesabiwa ni siku, wala si tembe.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Hapa methali hiyo haifai, kwani maumivu yaliyotulizwa hurejea na kudai tembe nyingine. Tiba ni kuacha au kupunguza dawa hiyo. Hata hivyo, kwa siku 2 hadi 10 za mwanzo maumivu huweza kuzidi, pamoja na kichefuchefu na kukosa usingizi. Asiyeelezwa hilo mapema hudhani amekosea, akairudia dawa. Ndiyo maana yafaa aongozwe na daktari, hasa iwapo dawa yake ina kodeini.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba wanaotafsiri maelezo ya dawa kwa Kiswahili watumie "kituliza maumivu" badala ya "dawa ya kichwa", na wataje kikomo cha siku kwa mwezi. Istilahi pekee haitamponya mgonjwa, lakini itamwonya asitarajie uponyaji kutoka kwa kitu kinachotuliza tu.