Weka Ramani Kwenye Tovuti ya Biashara Yako, Mteja Asipotee Tena

Unamjua huyu mteja. Amelipa kwa Till, ametuma mtu wa boda achukue mzigo, halafu simu yako inaanza kulia. "Niko kwa steji, sasa nipite wapi?" Unamwambia ashuke mpaka kwa transfoma, apinde kushoto, aulize kwa ajenti, kisha atafute geti ya bluu. Dakika ishirini baadaye bado anazunguka. Mwishowe mteja anakupigia: "Wacha tu, nirudishie pesa yangu."

Bidhaa yako haikuwa na shida. Mlango wako tu ndio haukuonekana. Kama uko na tovuti ya WordPress, unaweza kuweka ramani ambayo mteja anaisogeza na kuikuza kwa kidole, bila kumlipa fundi. Leo tutatumia plagini ya bure inayoitwa Leaflet Map. Inatumia ramani za OpenStreetMap, kwa hivyo haikudai ufunguo maalum wala kadi ya benki.

Hatua ya 1: Pata nambari za mahali pako

Fungua ramani kwenye simu, kuza mpaka uone jengo lako, kisha bonyeza mlango wako na ushikilie kidole hapo. Utapata nambari mbili. Kwa mfano, za jumba la KICC, Nairobi, ni -1.2886 na 36.8233. Ya kwanza ni latitudo, ya pili ni longitudo.

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hivyo angalia mambo matatu:

- Alama ya kutoa. Nairobi, Kisumu na Mombasa ziko kusini ya ikweta, kwa hivyo latitudo yake huanza na alama hiyo. Eldoret na Kitale ziko kaskazini, hazina. Ukiisahau kwenye mfano wetu, KICC inahamia Samburu, upande wa Maralal!
- Mpangilio. Ukibadilisha nambari, ya pili ikaja kwanza, pini inaangukia baharini, kusini mwa Uhispania.
- Tarakimu. Ukiacha mbili tu baada ya nukta, unaweza kumkosesha mteja kwa mamia ya mita. Nakili angalau nne; tano ni bora zaidi.

Hatua ya 2: Weka plagini

Ingia kwenye tovuti yako kama msimamizi, fungua menyu ya Plugins, tafuta Leaflet Map, isakinishe kisha uiwashe. Tafadhali usipakue plagini ya "bure" uliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp. Plagini iliyochezewa inaweza kumpa mtu mwingine njia ya kuingia kwenye tovuti yako na kubadilisha nambari ya Till. Wateja watalipa, lakini pesa hutaiona.

Hatua ya 3: Bandika ramani

Fungua ukurasa wako wa mawasiliano, ongeza boksi la Shortcode, kisha uandike hivi ukitumia nambari zako:

[leaflet-map lat=-1.2886 lng=36.8233 zoom=17]
[leaflet-marker lat=-1.2886 lng=36.8233]Geti ya bluu, mkabala na transfoma[/leaflet-marker]

Mstari wa kwanza unaleta ramani. Wa pili unaweka pini, na maneno yaliyo katikati ndiyo mteja atayasoma akiigusa. Andika kitu ambacho macho yake yataona akifika. "Karibu sana kwetu" haitamsaidia mtu aliyepotea.

Ramani moja kwenye ukurasa mmoja inatosha. Ukiiweka kila mahali, tovuti inakuwa nzito na bando za mteja zinaisha. Chini yake andika maelekezo kwa maneno pia, kwa sababu si kila simu itafungua ramani vizuri.

Je, kichochoro chako hakiko kwenye ramani? Unaweza kukiongeza mwenyewe, kwa sababu OpenStreetMap huchorwa na watu wa kawaida. Mwaka 2009, vijana wa Kibera walichora mtaa wao kupitia mradi wa Map Kibera: njia, zahanati, sehemu za maji. Kabla ya hapo, kwenye ramani nyingi Kibera ilikuwa kama nafasi tupu, ilhali maelfu ya watu wanaishi hapo.

Hatua ya 4: Jaribu kama mteja

Mpe rafiki ambaye hajawahi kufika kwako kiungo cha ukurasa huo, kisha usichukue simu zake. Akifika mlangoni bila kuuliza mtu, umemaliza. Akipotea, rudi Hatua ya 1.

Ukiwa muuzaji, ukiwa mnunuzi

Kama unauzia nyumbani, usiweke pini kwenye mlango wa nyumba yako. Chagua mahali pa wazi pa kukutania, kama steji au duka la jirani, na uandike hivyo kwenye pini. Pia hakikisha jina la biashara kwenye tovuti linafanana na lile linalotokea mtu akilipa kwa Till yako. Majina yakitofautiana, mteja makini atasita, na ana haki.

Na siku wewe ndiye unanunua, kumbuka jinsi ilivyokuwa rahisi kuweka ile pini. Hakuna aliyekuuliza kama duka ni lako. Tapeli pia anaweza kuweka yake kwenye jengo lolote la kifahari mjini. Ramani inakuonyesha njia tu, haithibitishi mwenye duka. Soma jina la mpokeaji kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo, na likikutia shaka, simamisha.

Kwa kifupi: pini ya duka mpe kila mtu, PIN ya simu usimpe mtu yeyote.